Nani Alibwaga Moyo Bagamoyo?

Ukifika Bagamoyo kwa mara ya kwanza, saa moja haipiti kabla hujaelezwa maana ya jina la mji. Utasimamishwa mbele ya Ngome Kongwe uambiwe kwamba watumwa walioswagwa kutoka Ujiji na Tabora walipoiona bahari walijua hakuna kurudi, ndipo wakabwaga mioyo. Utaonyeshwa panaposemekana palikuwa na njia ya chini kwa chini ya kuwapeleka jahazini. Msimulizi atashusha sauti, wageni watatikisa vichwa, kisha kundi litaelekea Misheni, na huko hadithi itageuka kuwa ya mapadri waliowakomboa. Mtumwa wa hadithi hii ana kazi mbili tu: kukata tamaa ufukweni na kukombolewa kanisani.

Mtumwa mwanamke hana hata hizo mbili. Hutajwa kwa jumla, pamoja na watoto, kana kwamba alikuwa sehemu ya mizigo ya msafara. Akitajwa peke yake basi ni suria aliyefukizwa udi, au ni mwili uliodhulumiwa. Uasi tunaambiwa ulikuwa wa wanaume, watoro wenye bunduki na mapanga. Nimeisikia hoja hii kwa waongoza watalii, nimeisikia kwa walimu wa historia, na nimeisikia kwa wazee wa pwani wanaoongeza kwamba utumwa wetu haukufanana na ule wa Amerika. Wetu, wanasema, ulikuwa wa huruma. Mjakazi alikula chungu kimoja na bibi yake, alilea watoto wa nyumba, alizikwa na watu. Angeasi nini?

Naipinga hoja hiyo yote, kuanzia jina la mji hadi hiyo huruma. Nasema wanawake waliotumikishwa katika Mrima, yaani pwani hii ya bara, na visiwani walipambana na utumwa pale pale mizizi yake ilipokuwa, na kwamba masultani, makonsuli na wenye mashamba waliwaogopa kiasi cha kuwatungia kifungu chao peke yao katika sheria. Ushahidi haujafichwa. Tumeupita tu kila siku tukienda kutazama minyororo.

Kwanza jina. Wapagazi wa Kinyamwezi waliobeba pembe za ndovu kwa miezi kutoka bara walikuwa na sababu yao ya kuliimba jina hili: hapa mzigo ulituliwa, ujira ulilipwa, ngoma zililia hadi alfajiri. Kwao kuubwaga moyo kulikuwa kuupumzisha. Mwanahistoria Steven Fabian, aliyeandika kitabu kizima juu ya Bagamoyo mwaka 2019, amekwisha kueleza jinsi utalii ulivyoikuza ile maana ya huzuni, na ni kweli kwamba bandari kubwa ya watumwa upande huu wa bara ilikuwa Kilwa. Nakubali. Lakini wapo wanaolichukua jambo hilo wakavuka nalo mpaka: kwa kuwa Bagamoyo haikuwa gati kuu la watumwa, basi utumwa hapa ulikuwa jambo dogo. Hapo naachana nao, kwa sababu wanamtafuta mtumwa ndani ya jahazi tu. Mtumwa wa Mrima hakuwa mpita njia. Wengi walibaki. Walipanda na kuangua minazi, walilima mtama na mpunga, na kaskazini, katika bonde la Mto Pangani, walikata miwa kwenye mashamba yaliyostawi miaka ya 1860 na 1870. Mwaka 1873, Sultani Barghash alipotia sahihi mkataba wa kufunga soko la Unguja na kuzuia watumwa wasivushwe bahari, mateka kutoka bara hawakukoma kuja. Wengi waliishia kwenye mashamba ya pwani hii hii.

Na shambani ndiko wanawake walikokuwa. Claire Robertson na Martin Klein walionyesha mwaka 1983 kwamba walio wengi kati ya waliofanywa watumwa ndani ya Afrika walikuwa wanawake. Kazi ya kila siku ilipimwa kwa ngwe, na mwanamke alikatiwa ngwe yake akailima kwa jembe kama mwanamume. Jioni alipomaliza, kazi yake ya pili ilimngoja: kutwanga, kuteka maji, kupika, kulea. Suria wa hariri alikuwepo, lakini kwa kila suria mmoja walikuwepo wajakazi wengi wenye sugu viganjani. Tumemfanya yule mmoja kuwa sura ya wote kwa sababu anapendeza kusimuliwa.

Sasa tazama jinsi shamba lilivyopangwa. Juu alikuwa msimamizi, chini yake nokoa, kisha kadamu. Nokoa na kadamu kwa kawaida walikuwa watumwa, na walikuwa wanaume. Mtumwa mwanamume aliweza pia kutumwa msafarani na bunduki ya bwana wake begani. Aliweza kuwa kibarua mjini, akapata ujira, akampelekea bwana fungu lake na lililobaki likawa la kwake. Aliweza kuwa baharia. Yaani hata ndani ya utumwa palikuwa na ngazi, na mwanamke hakuwekewa. Mtu akichukua bunduki aliyopewa na bwana wake akamgeuzia, tukio hilo huandikwa: konsuli hulitaja, mmisionari hulitaja, mwanahistoria hulikuta miaka mia baadaye. Kwa hiyo tunapohesabu bunduki ili kupima uasi, tunahesabu silaha ambazo mabwana wenyewe waliamua kuwagawia wanaume. Hatujapima ushujaa wa mtu.

Mwaka 1873 watumwa wa mashamba ya miwa ya Pangani waliasi. Jonathon Glassman amelieleza tukio hilo katika kazi zake za miaka ya 1990, na nalitaja kwa heshima kwa sababu vitabu vyetu vya shule vinalipita. Watoto wetu wanamjua Abushiri bin Salim, aliyeongoza vita dhidi ya Wajerumani mwaka 1888 na kunyongwa Pangani Desemba 1889. Hawaambiwi kwamba Abushiri mwenyewe alikuwa na shamba la miwa Pangani lililolimwa na watumwa. Shujaa wetu wa kitaifa alikuwa bwana wa watu ambao miaka 15 kabla ya vita vyake wenzao walikuwa wamekwisha kupigania uhuru wao wenyewe. Simwondolei Abushiri ujasiri wake mbele ya Wissmann, kamanda wa Wajerumani. Nauliza tu kwa nini kumbukumbu yetu ina nafasi ya mwenye shamba na haina nafasi ya aliyelima.

Na hata wale wachache wanaolikumbuka tukio la Pangani hulisimulia kama habari ya wanaume. Kundi la watoro linalovuka msimu wa kwanza wa kilimo haliwezi kuwa kundi la mapanga matupu. Lina mbegu, lina vyungu, lina watoto, lina mtu anayejua mti gani unatibu homa. Huko Pwani ya Kenya, watoro walijenga vijiji kama Fuladoyo na kujazana katika misheni ya Rabai hata kufikia mwaka wa 1888 kampuni ya Kiingereza ikalazimika kuwalipia fidia watu zaidi ya 1,400 waliokuwa wamejificha kwenye misheni. Huwezi kuwa na vijiji vya namna hiyo bila wanawake waliokimbia. Mwanamke aliyekimbia na mtoto mgongoni alikuwa na mwendo mfupi zaidi, sauti ya kumsaliti usiku, na midomo miwili ya kulisha. Aliyebaki kwa sababu hiyo hiyo ya mtoto tunamwita mtiifu. Huo ni uzembe wa hukumu.

Jamaica imemtangaza Nanny, kiongozi wa watoro wa milimani, kuwa shujaa wa taifa, na picha yake ipo kwenye noti ya dola 500. Wapo wanaoniuliza: Nanny wetu yuko wapi? Swali lina nia njema, lakini linarudia kosa lile lile. Linamtaka mwanamke athibitishe uasi wake kwa kufanana na jemadari. Mimi namtafuta kwingine.

Namtafuta kwanza kwenye nguo. Mtumwa wa kike wa pwani alijulikana kwa vazi kabla hajafungua kinywa: merikani isiyotiwa rangi, au kaniki nyeusi, ikifungwa chini ya makwapa, kichwa wazi. Kujifunika kichwa kulikuwa haki ya mwungwana, na kadhalika viatu. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, ambaye maandishi yake juu ya desturi za Waswahili yalichapwa mwaka 1903, ameeleza kwa kirefu tofauti za mtumwa na mwungwana, za mjinga aliyetoka bara jana na mzalia aliyezaliwa pwani. Aliandika kama mwungwana, ingawa jina lake lenyewe ni neno la mtu aliyetoroka. Msomaji akimaliza sura hizo anaweza kudhani mambo yalitulia hivyo, kila mtu mahali pake. Mimi nasoma kinyume. Mji unaohitaji kanuni nyingi hivyo za nani avae nini, aketi wapi, amsalimu nani kwa neno gani, ni mji ambao kila siku kuna mtu anazivunja.

Na waliozivunja kwa mavazi walikuwa wanawake kuliko wote. Laura Fair ameonyesha kuhusu Unguja jinsi waliokuwa wajakazi walivyoiacha kaniki, wakajinunulia kanga, na baadaye wakavaa buibui lililokuwa alama ya mabibi. Pesa ya kanga ilitoka kwenye kuuza vitumbua, kusuka ukili, kufua, kuchukua kibarua cha kuchambua karafuu. Ilikuwa pesa ya mtu aliyekuwa hana haki ya kumiliki hata jasho lake. Kanga ninayomkuta nayo mama wa leo sokoni Bagamoyo ina historia hiyo ndani ya nyuzi zake.

Hapa wapinzani wangu wana hoja yao yenye nguvu kuliko zote, nami siikwepi. Wanasema: mtu anayetaka kuvaa kama bibi hajaukataa ubibi, ameukubali, anataka tu kuhamia upande wake. Glassman mwenyewe ameliona jambo hili: watumwa wengi wa pwani hawakupigania kubomoa mji wa waungwana, walipigania kuingia ndani yake, wasali msikitini, wacheze ngoma za mji, waitwe kwa majina yenye heshima. Je, huo ni uasi au ni kusilimu kwa utaratibu wa bwana?

Jibu langu linaanzia kwa bwana. Heshima yake ilitegemea umbali. Mwungwana alikuwa mwungwana kwa sababu mwingine hakuwa. Mali, ukoo, hata neno lake mbele ya kadhi, vilipimwa kwa umbali huo kati yake na mtu wa kaniki. Mjakazi alipojifunika kichwa akapita mtaa wa Dunda hapa Bagamoyo mchana kweupe, hakuwa ameiga tu. Alikuwa amechukua kile kilichomfanya bibi yake kuwa bibi, na bila vita. Mabwana walijua. Ndiyo maana walikasirika kuliko walivyokasirika kwa jembe lililovunjwa. Na sikubali kwamba anayedai kuingia ndani ya jamii ameridhika na jamii hiyo. Aliyeletwa pwani akiwa na miaka saba, lugha ya kwao imemtoka, mama yake amefia njiani, angerudi wapi? Alidai mji wake uwe mji wake.

Kitu kingine waliingia nacho mjini, na hiki hawakukiazima kwa bibi yeyote. Ni unyago. Wanawake waliotoka kwa Wayao, Wanyasa na makabila mengine ya kusini walileta jando lao la kike, ngoma zake na mafunzo yake, hata ikafika binti wa mwungwana akafundwa na kungwi mwenye asili ya utumwa. Mwanamke asiyeruhusiwa kukaa juu ya kiti mbele ya familia ile ndiye aliyefunga mlango na kumweleza binti yao mwili wake ni nini na mume ni nani. Bi Kidude, aliyefariki Zanzibar mwaka 2013, alijulikana duniani kwa ngoma hiyo. Watu walimpigia makofi kama mwimbaji, wachache walikumbuka ngoma ile ilikotoka.

Sasa nije kwenye suria, maana yeye ndiye shahidi mkuu wa watetezi wa utumwa wa huruma. Seyyida Salme, binti wa Seyyid Said, katika kumbukumbu zake zilizochapwa Ujerumani mwaka 1886, aliwatetea wenye watumwa wa nchi yake na kuwakemea Wazungu kwa kutoelewa. Mama yake mwenyewe alikuwa suria, Mcherkesi. Watoto wote walioachwa hai na Seyyid Said alipofariki mwaka 1856 walizaliwa na masuria. Kwa sheria ya Kiislamu suria aliyemzalia bwana wake hauzwi tena, mtoto ni huru, na bwana akifa naye anakuwa huru. Tazameni, wanasema watetezi, mjakazi anakuwa mama wa sultani.

Natazama. Naona mwanamke aliyenunuliwa na asiyeweza kusema hapana. Naona kwamba ulinzi wote ule unategemea bwana akiri kuwa mtoto ni wake. Naona kwamba uhuru wake unangoja kifo cha mtu mwingine, na kwamba akiondoka, mtoto anabaki kwa ukoo wa baba. Na bado ndani ya uchochoro huo mwembamba masuria walijua sheria. Walijua kadhi anaketi wapi, walijua mashahidi gani wanafaa, walijua tofauti ya kuwa kijakazi na kuwa mama wa mtoto wa mtu. Kuitumia sheria ya bwana dhidi ya bwana ni kazi ya akili na ya hatari, na hatuna sababu ya kuiita bahati ya kupendwa.

Kisha likaja jambo ambalo kwangu linamaliza ubishi. Tarehe 6 Aprili 1897, Sultani Hamoud bin Mohammed, kwa msukumo wa Waingereza, alitoa amri ya kufuta hadhi ya kisheria ya utumwa Unguja na Pemba. Mtumwa aliyetaka uhuru aliweza kwenda kuudai. Wote isipokuwa masuria. Wao walihesabiwa kama wake, wakabaki mikononi mwa mabwana labda wathibitishe ukatili. Walisubiri hadi mwaka 1909, miaka 12. Sababu zilizotolewa zilikuwa za heshima: nyumba zitavunjika, wanawake wataingia kwenye umalaya, Waarabu wataudhika. Zisome sababu hizo taratibu. Serikali mbili, ya Kiarabu na ya Kiingereza, zilikubali kumpoteza mchuma karafuu, zikakataa kumpoteza mwanamke wa ndani. Zilijua kwamba mlango ukifunguliwa atatoka. Kama walikuwa wameridhika kama tunavyoambiwa, ile kufuli ilikuwa ya nini?

Huku bara Wajerumani hawakuufuta utumwa kabisa. Hati za uhuru zilitolewa na ofisi zao kwa maelfu. Amri ya mwaka 1901 iliruhusu mtumwa kujikomboa kwa fedha, na nyingine ya mwaka 1904 ikasema watoto watakaozaliwa baada ya mwisho wa mwaka 1905 watakuwa huru. Utumwa wenyewe ulifutwa Tanganyika na Waingereza mwaka 1922, na kufikia hapo Jan-Georg Deutsch, aliyeichunguza historia hii, anaonyesha kwamba walio wengi walikwisha kujitoa wenyewe: kwa kuhama, kwa kutafuta ujira, kwa kubishana na bwana hadi kamba ikalegea. Lakini hati ya uhuru haikuwa na uzito mmoja kwa wote. Mwanamume aliyejikomboa alitoka ofisini akiwa mtu wake. Mwanamke mara nyingi alikombolewa na mwanamume aliyelipa fidia, na mlipaji aliweza kuiona fidia ile kama mahari. Alitoka mkono mmoja akaingia mwingine, na mapambano yake yakaanza upya nyumbani, ambako hakuna konsuli wa kuyaandika.

Misheni ya Bagamoyo pia niiseme wazi, kwa sababu naijua nafasi yake katika mioyo ya watu. Mapadri wa Roho Mtakatifu walianza pale mwaka 1868 na kujenga Kijiji cha Uhuru. Walinunua watoto sokoni Unguja, walipokea wengine waliokamatwa majahazini na manowari za Kiingereza, waliwafundisha ufundi na kuwatibu. Hayo ni mema na yatabaki mema. Lakini waliokombolewa walilima mashamba ya misheni, siku zao zilikwenda kwa kengele, na wasichana waliolelewa na masista walipangiwa ndoa na wavulana waliolelewa na mapadri. Paul Kollman, ambaye mwenyewe ni padri, amezisoma kumbukumbu za misheni hiyo na kukuta humo manung'uniko, mabishano na watu walioondoka zao. Waliokombolewa walikuwa na maoni juu ya ukombozi wao.

Kutoka mikononi mwa mapadri hao ilikuja hadithi ya Swema, msichana wa Kiyao aliyefika Unguja akiwa hoi, akazikwa angali hai, akafukuliwa na kupelekwa misheni miaka ya 1860. Ilichapwa Ulaya ili kuwafundisha wasomaji msamaha wa Kikristo. Edward Alpers aliirudia mwaka 1983 kuonyesha jinsi mwanamke wa karne ile alivyokuwa hana kinga. Mapadri na Alpers wote wanamtazama binti. Mimi siwezi kumwacha mama. Swema alipochukuliwa kwa sababu ya deni, mama yake hakuwa amefungwa na mtu. Aliufuata msafara kwa hiari yake ili asitengane na mwanawe, akafia njiani kwa uchovu. Biashara nzima ya watumwa ilisimama juu ya jambo moja: kumkata mtu na waliomzaa na aliowazaa, awe wa kununuliwa. Mwanamke yule alilikataa jambo hilo kwa miguu yake hadi ilipokoma kwenda. Asiyeona upinzani hapo simwelewi.

Na tusijidanganye kwamba kupinga kulilipa daima. Karl Peters, mwanzilishi wa kampuni iliyotaka kuinyakua pwani hii, alipokuwa kamishna Kilimanjaro alikuwa na mwanamke kituoni aitwaye Jagodja. Jagodja alitoroka. Akarudishwa, akachapwa viboko, na mapema mwaka 1892 akanyongwa. Kosa lake ni kwamba aliondoka. Kesi ilifika hadi bunge la Berlin na mwaka 1897 Peters akafukuzwa kazi, na jina la Jagodja tunalijua kwa sababu tu muuaji wake alikuwa maarufu. Wala sisemi wanawake wote walikuwa upande mmoja. Mabibi waungwana walimiliki wajakazi na kuwapiga, na wapo waliopata uhuru wao wakanunua watumwa. Nayajua hayo. Hayapunguzi deni letu kwa wengine.

Mwaka 1934 kilichapwa kitabu cha James Mbotela, *Uhuru wa Watumwa*, na vizazi vya wanafunzi wa Kiswahili vimejifunza humo kwamba uhuru ulikuja kwa meli za Waingereza. Ni karibu miaka 100 sasa. Tumebadilisha bendera, tumebadilisha majina ya mitaa, na hadithi hiyo tumeiacha ikae.

Februari 24, 1874, mwili wa David Livingstone ulifikishwa Bagamoyo na kulazwa penye kanisa ambalo mnara wake sasa unabeba jina lake. Kila mgeni huambiwa juu ya Susi na Chuma waliouleta. Walistahili, na walipelekwa hadi Uingereza. Katika kundi lililokuwa kijijini kwa Chitambo mzee yule alipofariki alikuwemo pia Halima, mpishi wake. Livingstone mwenyewe aliandika juu yake: kwamba aliwahi kutoroka baada ya ugomvi na kurudi, na kwamba atamkomboa na kumnunulia nyumba na bustani Unguja wakifika. Hakufika yeye. Mwaka 2019 mwandishi wa Zimbabwe, Petina Gappah, alimpa Halima sehemu nzima ya riwaya aisimulie safari ile kwa sauti yake. Imebidi sauti hiyo itoke Harare.

Ninyi mnaoongoza wageni Bagamoyo, acheni kuwaambia kwamba hapa watu walibwaga mioyo. Walimu, fundisheni Pangani ya 1873 kabla ya Pangani ya 1889, na mwulize kila mara wanawake walikuwa wapi. Wewe ambaye bibi yako alikuachia jina, ngoma au siri ya asili yenu, liandike leo, hata kama wakubwa wa ukoo hawapendi. Na wenye dhamana ya mnara ule wa Livingstone, naomba liongezwe pale jina la Halima, kwa herufi zilizo sawa na zake.